Nukta Tatu kwenye Kompresa

Nilikuwa nimenuna wiki nzima kabla kiyoyozi hakijafa, kwa hiyo nisimsingizie fundi kwamba yeye ndiye aliyeniharibia tabia. Mimi ni mtu wa kinyongo tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akinituma kwa jirani kuomba chumvi, nami nazunguka mitaa miwili kwa sababu mtoto wa jirani aliwahi kunicheka nilipoanguka. Nilikuwa na miaka saba. Leo nina mjukuu wa umri huo, na yule mtoto wa jirani ni babu wa watu, na bado sijamsalimia vizuri.

Niliacha ualimu nilipostaafu, nikaingia kwenye keki. Kwa kiinua mgongo nilinunua pikapu ya dabo kebini, imetumika lakini haijachoka, na swali la kwanza nililomuuliza muuzaji halikuhusu injini. Nilimuuliza kama AC inafanya kazi. Akaiwasha, nikakaa ndani na milango imefungwa mpaka nikajifunika khanga mabegani, ndipo nikakubali. Ndugu zangu waliona nimechanganyikiwa. Walifikiri nataka kujidai mjini Masasi, nipite nimefunga vioo.

Hawakuelewa kwamba kile kiyoyozi kilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Oda zangu nyingi zilitoka Newala, kwa watu wa kipaimara, harusi, na mikole, zile sherehe za watoto waliotoka jandoni. Newala kwenyewe kuna ubaridi, mtu unaweza kuweka keki mezani asubuhi ukaikuta jioni imesimama. Tatizo ni kufika. Huku chini Masasi mawe yakishashika jua, nyumba nzima inakuwa jiko. Ukifunga vioo vya gari krimu inateremka. Ukifungua, yale maeneo ambayo lami haijafika yanakupa vumbi jekundu mpaka ndani ya pua, na hakuna mama wa harusi anayetaka keki ya rangi ya tofali. Bila AC, Newala kwangu ilikuwa mbali kuliko Dar es Salaam.

Sasa nieleze tabia yangu nyingine, maana inahusika. Naweka alama kwenye kila kitu. Mwanamke yeyote wa kwetu anayeazimisha vyombo kwenye shughuli anafanya hivyo, vinginevyo sufuria lako utakutana nalo miaka miwili baadaye kwenye msiba, mwenye nyumba anakuapia kwamba ni la mama yake. Wengine wanapaka rangi ya mafuta, wengine wanatoboa na msumari. Mimi alama yangu ni nukta tatu za rangi ya kucha, rangi ya damu ya mzee, zimepangwa mstari. Pikapu ilipofika nyumbani nilimwomba mdogo wangu wa kiume, ambaye ni dereva, afungue boneti anioneshe vitu vinavyoibiwa. Akanionesha betri. Nukta tatu. Akanionesha kompresa, ile inayosukuma gesi ya AC, akasema hiyo ndiyo ghali. Nikaingiza mkono mpaka bega, nukta tatu. Alicheka hadi akakaa chini.

Fundi wa AC aliyesifika pale Masasi alikuwa mtani wangu. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nitaeleza kwa kifupi. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kununa. Kwenye msiba wako anaweza kulala kaburini akasema hazikwi mtu hapa mpaka aletewe chai. Kwenye harusi anateka kitu, kiti cha bibi harusi au viatu vya bwana harusi, na hakirudi mpaka wenye shughuli wamekikomboa kwa zawadi, hata ndogo. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Nami, pamoja na kinyongo changu chote, nilikuwa mtani hodari. Nadhani ni kwa sababu pale nilipewa ruhusa ya kusema niliyoyaweka moyoni.

AC ilipoanza kulegea nilimpelekea yeye. Akaniambia, "Mtani, hii gesi tu imepungua. Niachie leo, kesho unapepewa kama malkia." Nikamwachia. Kesho yake nikapepewa. Wiki moja ikapita vizuri, na ile ya pili, siku ya Jumamosi, nimebeba keki ya ghorofa tatu ya kipaimara, sijaanza hata kupanda mlima, pale mbele pakalia kitu kama punje za mahindi kwenye kikaango, halafu upepo ukageuka kuwa wa moto.

Nilifunga vioo nikakanyaga mafuta. Nilidhani nitawahi ubaridi wa juu. Ile keki ilikuwa nyeupe yenye msalaba wa dhahabu, nimeilalia macho siku mbili, na kwenye kioo cha ndani nikauona msalaba unaanza kuinama taratibu upande wa mlango. Nikasimama nikafungua milango yote nikaipepea kwa daftari la oda. Lori likapita. Vumbi lilipotulia sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Nilifika Newala na kitu ambacho sikuweza kukitoa garini bila beseni. Mama mwenye shughuli alikuwa mtu mstaarabu, hakunipigia kelele. Alifunika beseni kwa kitambaa na kulipeleka jikoni, na watoto wakapewa kwa vijiko. Jioni ile ile nikasikia jina langu jipya, Mama Uji.

Hilo jina lilitembea. Kwenye miezi miwili iliyofuata simu za Newala zilikauka kabisa. Nilikuwa nimejenga jina kwa miaka sita, nikipanda ule mlima hata nikiwa na malaria, na sasa mtu akitaka kuwachekesha wenzake jikoni anasema tuagize uji wa Masasi. Nilikuwa nalala nikihesabu nyuso za watu walioshika vile vijiko. Niliuchukia hata ule msalaba.

Siku ya Jumatatu baada ya kile kipaimara nilikuwa nimefungua boneti mwenyewe na tochi ya simu. Kompresa iliyokuwamo ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi nyeusi juu ya kutu. Nukta zangu hazikuwapo. Nikaendesha moja kwa moja hadi gereji.

"Shikamoo, mtani," akasema, ingawa amenizidi umri. Huo ndio utani wake.

"Kompresa yangu iko wapi?"

"Si hiyo humo?"

"Hii si yangu. Yangu ilikuwa na alama ya rangi ya kucha."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mtani, injini ina joto. Rangi ya kucha itakaa humo? Imetoka." Wateja wake wawili waliokuwa wamekaa kwenye tairi wakacheka. Akaongeza kwamba watu wa ukoo wetu wanajulikana kwa kupoteza vitu na kusingizia watu. Nikacheka nao. Ilinibidi nicheke, na nikakibeba hicho kicheko hadi Lisekese ninakoishi.

Sikuwa na ushahidi. Nikanyamaza. Watu walioishi nami wanajua kwamba nikinyamaza ndiyo hatari.

Mwezi uliofuata wakaja wachumba wawili nyumbani kuchagua keki. Binti nilimfundisha darasa la nne, alikuwa na mwandiko mzuri na mafua yasiyokwisha. Alisema hataki keki ya mtu mwingine, yaliyosemwa ameyasikia na hajali. Ningeweza kumkumbatia, lakini alikuwa binti wa yule fundi, kwa hiyo nikamwekea soda tu. Kijana anayemuoa alikuwa mtu wa Newala, mpole, ana pikapu ya aina ile ile kama yangu. Walipotaka kunionesha picha ya ukumbi, simu ikiwa garini, niliingia nao. Mle ndani kulikuwa na baridi nzuri, ile inayokufanya ukumbuke khanga.

"AC yako kali," nikamwambia.

"Baba mkwe kanifungia," akasema kijana kwa fahari. "Zawadi yake kwetu. Ilikuwa haina kompresa kabisa hii."

Nikamwambia anifungulie boneti, nami nina gari kama lile, nataka kulinganisha. Akafungua bila wasiwasi wowote. Nikainama na tochi ya simu. Pale pale, chini ya kizibo, zimejaa vumbi lakini hazijabanduka hata moja, zilikuwapo nukta zangu tatu. Nikapiga picha. Nikamshukuru kijana na kumwambia binti kwamba nitawapikia keki ambayo Newala haijawahi kuiona.

Mdogo wangu alipoiona ile picha alisimama. "Twende polisi sasa hivi. Au kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyo kijana ni mkweli, atasema nani alimfungia. Kesho kutwa unayo kompresa yako, na watu wa Newala watajua kilichoiharibu ile keki."

Alikuwa amesema kweli tupu. Ningemsikiliza, kisa changu kingeishia kituoni na mimi leo ningekuwa napanda mlima na vioo vimefungwa. Lakini nilimuuliza swali moja: kituoni kuna watu wangapi? Benchi, askari mmoja, na mama aliyekuja kwa kesi ya mbuzi. Mimi nilivuliwa nguo mbele ya Newala nzima. Nilitaka naye avuliwe mbele ya Newala nzima, amevaa suti, binti yake pembeni, wakwe zake mbele, na kipaza sauti mkononi mwangu. Nilikuwa na haki ya kukishika, maana mimi ni mtani wake. Hakuna mshereheshaji wa huku anayeweza kumnyima mtani nafasi kabla keki haijakatwa.

Kwa siku kumi na nne nilikuwa na furaha ambayo sina haya nayo. Nilitunga hotuba nikichanganya mayai. Niliirudia nikifua. Niliona uso wa fundi ukishuka hatua kwa hatua kila nilipotaja jambo, na wakwe zake wakigeuka kumtazama. Usiku nilikuwa nalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kipaimara.

Keki nayo nilijitoa. Nilipika ya matunda, ngumu, yenye sukari ya kukandwa inayostahimili safari, na nikaondoka saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijajua kazi yake. Ilifika imenyooka. Wanawake waliozoea kuniita Mama Uji wakaizunguka na simu zao wakipiga picha. Nilivaa gauni la kijani, na ndani ya mkoba nikaweka spana namba kumi na mbili.

Mshereheshaji alipouliza kama kuna watani ndani ya nyumba, nilikuwa tayari nimesimama. Ufunguo wa pikapu ya maharusi nilikuwa nimeshauteka kwa msimamizi wao, akanipa huku anacheka, kama inavyotakiwa. Nikauinua juu pamoja na spana. Ukumbi ukapiga vigelegele.

"Gari la maharusi nimeliteka," nikasema. "Na silirudishi, kwa sababu ndani yake kuna mali yangu. Baba wa bibi harusi ni mwizi."

Wakalipuka kwa kicheko. Nililitegemea hilo, kila mtani anaanza kwa kumwita mwenzake mwizi. Nikangoja watulie. Nikaanza kueleza, polepole, kimwalimu. Kwamba nilimwachia gari. Kwamba alichomoa kompresa nzima akanipachikia bovu. Kwamba keki ya watoto wa Mungu iliyeyuka barabarani kwa sababu yake. Nilipofika kwenye keki, meza za nyuma zikaanza kugonga sahani kwa vijiko. Nikasema nukta tatu za rangi ya kucha, na mwanamke mmoja akateleza kwenye kiti kwa kucheka. Nikaiinua simu yenye picha. "Anayebisha aende nje akafungue boneti!" Vijana wawili wakaenda kweli, wakarudi wanapiga kelele, "Zipo! Zipo tatu!" na ukumbi ukasimama kushangilia. Walidhani nimetoka nje kabla ya sherehe nikapaka mwenyewe, ili utani unoge.

Hapo nilianza kuhisi ardhi inanikimbia. "Jamani, nasema kweli," nikasema. "Huu si utani."

Hakuna neno lililowachekesha usiku ule kuliko hilo. Mshereheshaji alijipiga paja. Mzee mmoja wa meza ya wakwe akawa anafuta machozi kwa leso, anamwambia jirani yake kwamba watani wa namna hii wamekwisha siku hizi. Nikapaza sauti, nikapandwa na hasira ya kweli, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyoniona fundi wa utani.

Halafu yeye akainuka. Nilikuwa nimeuota uso wake kwa siku kumi na nne, na kwa dakika moja alikuwa nao ule ule, wa majivu. Alitazama wakwe zake wanavyocheka. Alitazama binti yake, naye alikuwa anacheka mpaka shela imekaa upande. Nikaona kitu kinamrudia mwilini. Akaanza kuja mbele anacheza, anayumbisha mabega, suti yote. Alipofika mbele yangu akapiga magoti, akainua mikono miwili.

"Nimeiba, mtani!" akapiga kelele. "Ni mimi! Kompresa nimeiba, keki nimeiyeyusha! Nisamehe, mwizi wako nimekuja kukomboa!"

Vigelegele. Shangazi zake wakaja na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, pamoja na doti ya khanga, wakanivalisha khanga shingoni na kunikabidhi jogoo mikononi. Mpiga picha akatusogeza karibu. Fundi akanishika mkono kuniomba amani, kama desturi inavyotaka, akasogeza mdomo sikioni kwangu. Hakuwa anacheka tena.

"Ahsante, mtani," akasema.

Ufunguo ukachukuliwa mkononi mwangu, sikumbuki na nani. Keki ikakatwa, wakaisifu. Maharusi waliondoka na vioo vimefungwa.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na picha yangu. Alikuwapo harusini, meza ya tatu. Alipoiona ile picha alianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. "Mama, bado unaendelea tu?" Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, nikijitahidi kutopandisha sauti. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema hata kama ni kweli atamwita vipi mtu ofisini kwa jambo alilolikubali magotini mbele ya ukumbi mzima na likakombolewa. Akanishauri nizungumze na wazee wangu.

Mzee niliyebaki naye ni shangazi yangu, dada wa baba, anaishi Chidya. Nilimkuta anapepeta choroko. Hakucheka hata kidogo, na hilo peke yake lilinitia matumaini. Aliniamini. Alisema ukoo ule tangu zamani mikono yao ni miepesi.

"Sasa, mwanangu, jogoo ulimpokea?"

"Nilimpokea."

"Yuko wapi?"

"Tumemla Jumapili."

Akaendelea kupepeta. "Basi limekwisha. Ntu hamshitaki ntani wake kwa neno alilompokelea kuku. Ungekwenda polisi kabla, ningekusindikiza mimi." Akasema angalau khanga ni nzuri.

Nimejaribu kutafuta kompresa nyingine. Zinazopatikana ni zile zile kuukuu zilizopakwa rangi nyeusi juu ya kutu, na fundi anayezifunga vizuri ni mmoja tu. Sijaenda. Napika keki za hapa hapa Masasi, na za watu wa Ndanda, hapo jirani, nikiweza kufika asubuhi sana kabla ya jua. Kule juu kuna binti ameanza kupika, ana friji kubwa, hana haja ya kupanda mlima.

Lakini jina la Mama Uji limekufa, nikubali. Juzi simu ya Newala iliita, namba ngeni, nikaikimbilia na unga mikononi. Alikuwa mama mmoja, binti yake anaolewa mwezi ujao. Nikauliza anataka keki ya ghorofa ngapi.

"Hapana, mama, keki tunaye mtu," akasema kwa heshima. "Tunakuomba wewe uje kututania. Ulivyosema siku ile hatujaona tena. Ukoo wetu nao ni watani wa ukoo wenu, tumeuliza. Na yule fundi atakuwepo, ni mjomba wa bwana harusi."

Nikafuta unga kwenye simu, nikamuuliza tarehe.

Nimekubali kwenda. Nitasimama mbele ya watu, nimwite mwizi kwa sauti yangu yote, nieleze moja baada ya moja, na hakuna neno nitakaloongeza chumvi. Atapiga magoti akiri kila kitu. Na watu watacheka, watanipigia vigelegele, na nitarudi Masasi na jogoo.